Pikipiki ya zamani inakula oili na huoni inakoenda: itafute hivi kabla hujafungua injini

Wakuu, hii naiandika kwa wenye boda na pikipiki zilizotembea sana, zile CG za Kichina, Boxer, TVS, hata Honda zenyewe za zamani. Unaweka oili leo, wiki ijayo ukichomoa kijiti kinatoka kikavu, chini ya pikipiki hakuna tone, moshi huoni, na kila fundi unayempelekea jibu lake ni moja, ringi (zile pete za pistoni) zimeisha lete hela ya pistoni na ringi. Unatoa hela, injini inafunguliwa, inafungwa, na baada ya mwezi oili inapungua vilevile. Inaniuma sana maana hela hiyo ni marejesho ya bosi au ada ya mtoto, na mara nyingi tatizo lilikuwa sili moja tu (kile kipete cha mpira kinachozuia oili isitoke) au mpira ulioziba.

Kitu cha kushika kichwani ni kwamba oili ina njia tatu tu za kutoka. Inavuja nje, au inaungua ndani pamoja na petroli, au inatemwa kupitia mpira wa kupumulia injini. Basi. Kuna na ya nne ambayo si njia, yaani oili haijapungua ila umepima vibaya. Kazi yako ni kujua ni njia ipi kabla spana haijagusa bolti ya hedi, yaani kichwa cha injini.

Na usichukulie poa. Hizi injini zinabeba oili kidogo mno, CG 125 ambayo Honda waliitoa 1976 na Wachina wakaiga mpaka leo inachukua kama lita moja, na hiyo lita moja ndiyo inalainisha pistoni, gia na klachi na ndiyo inasaidia kupooza injini isiyo na maji. Gari ikipoteza nusu lita bado ina akiba ya kutosha, pikipiki ikipoteza nusu lita imebaki na nusu, hapo umepakia mishkaki (abiria zaidi ya mmoja) unapanda kilima jua la saa nane, injini inanoki tu, hakuna muujiza.

Anza na kupima, pima vizuri

Watu wengi wanapima pikipiki ikiwa imelalia stendi ya pembeni, hapo hesabu ni ya uongo. Iweke kwenye stendi ya kati sehemu iliyonyooka, kama stendi ya kati ilishakatika mtu aishike imesimama wima kabisa. Iwashe kama dakika tatu hivi bila kuvuta mafuta, izime, subiri dakika mbili tatu oili ishuke chini, ndio uchomoe kijiti ukifute na kitambaa kikavu ukirudishe. Na hapa kuna kosa linafanyika sana, kwenye injini nyingi za aina ya CG wakati wa kupima kijiti unakiingiza tu kikae juu ya uzi wake, hukikazi. Ukikikaza kinazama zaidi na kitakuonyesha oili nyingi kuliko iliyopo. Kwa zile zenye kidirisha cha kioo ubavuni futa kioo kwanza, maana kikishakuwa na utando wa kahawia unaona kama oili imejaa kumbe ni uchafu wa miaka.

Halafu jiulize hiyo oili iliingia kiasi gani. Chupa za oili ya pikipiki hazilingani, kuna za lita moja kamili na kuna ndogo zaidi, na mtu anamimina chupa nzima akiamini kajaza. Wengine wanamwaga oili ya zamani pikipiki imelala upande, robo inabaki ndani, siku nyingine wanamwaga imesimama inatoka yote, alafu wanashangaa mbona mara hii imepungua haraka. Soma pembeni ya injini au kwenye kitabu chake inachukua kiasi gani, pima kwa chupa yenye alama, ndio uanze kuhesabu.

Kuhesabu kwenyewe: jaza mpaka alama ya juu, andika kilomita, endesha kawaida yako, kila asubuhi pima na andika umeongeza kiasi gani. Kama waya wa spidi ulishakatika, na kwenye boda nyingi umekatika, hesabu kwa lita za petroli ulizoweka, inafanya kazi vizuri tu. Kwa mtazamo wangu injini ya zamani inayokula chini ya mililita 100 kwa kilomita 1000 iache iendelee na kazi, ongeza tu oili. Ikivuka hapo itafute. Ikifika robo lita kwa kilomita 500, usiendelee kuibeba kazini huku ukisema utaangalia mwisho wa mwezi.

Ioshe, alafu ipake poda

Uvujaji ndio wa kwanza kutafutwa kwa sababu ndio rahisi na ndio bei ndogo. Shida ya injini ya zamani ni kwamba yote ina koti la oili na vumbi, huwezi kujua mpya ni ipi na ya mwaka jana ni ipi. Kwahiyo ioshe. Injini iwe ya baridi, brashi, mafuta ya taa kidogo au dizeli, kwangua kila kona, kwenye mapezi ya bloku (silinda anamocheza pistoni), chini ya magineti, nyuma ya silinda ambako mkono haufiki vizuri, fungua na kava la sproketi ndogo ya mbele usafishe humo ndani. Maliza na maji ya sabuni ya unga, suuza, kausha kabisa. Usitumie petroli kwenye injini ya moto, watu wameungua kwa hilo.

Ikishakauka chukua poda ya mtoto, ile ya kawaida ya dukani, ipulizie injini nzima iwe nyeupe kote. Endesha kilomita kama kumi, rudi, zima, chukua tochi uinamie. Poda inapopata oili inageuka rangi ya kijivu iliyolowa na inaacha mstari, na ule mstari unaufuata kuelekea juu na mbele mpaka pale ulipoanzia. Juu na mbele, zingatia hilo, maana oili inashuka chini na upepo wa mwendo unaisukuma nyuma, kwahiyo pale unapoliona tone si pale inapotoka. Unaona tone kwenye bolti ya kumwagia oili unabadili washa ya bolti kumbe imetoka kwenye gasketi ya kava la hedi, ikapita katikati ya mapezi, ikazunguka nyuma ya bloku ikashukia hapo.

Kuna sehemu ambazo uvujaji unajificha hata mwenye macho makali hauoni:

Nyuma ya sproketi ndogo ya mbele. Hapo kuna sili ya shafti inayotoka kwenye gia, ikichoka oili inatoka wakati magurudumu yanazunguka tu, ukisimama inaacha, na kwa sababu cheni nayo ina oili na grisi kila mtu anaona ni uchafu wa cheni. Dalili ni cheni ambayo iko mbichi hata kama hujaipaka wiki mbili, na rimu ya nyuma yenye vitone upande wa cheni. Hii usiikalie, oili inarukia tairi la nyuma na kwenye kona ya lami utalala chini na abiria wako.

Ndani ya kava la magineti, kwa zile ambazo magineti inakaa pakavu. Kuna sili ya krenki huko (krenki ni shafti inayozungushwa na pistoni), ikivuja oili inakaa ndani ya kava na inatoka kidogo kidogo kwa chini. Fungua kava, kama ndani kumelowa na koili zinang'aa mafuta umempata. Ila kama injini yako magineti inazunguka ndani ya oili, na zipo, kulowa ni kawaida, usinunue sili bure.

Mbele ya hedi na bloku. Gasketi ikipitisha kidogo oili inadondokea kwenye eksozi na inaungua palepale, haifiki chini. Hakuna tone, hakuna alama, ila ukisimama kwenye taa unasikia harufu ya oili inayoungua na wakati mwingine kamoshi kembamba kanapanda kutoka kwenye shingo ya eksozi. Angalia shingo ya eksozi ikiwa baridi, utaona madoa ya kahawia nyeusi yaliyoungulia.

Zingine ni sili ya shafti ya gia pale unapokanyagia, sili ya kiki, gasketi ya chini ya bloku, oringi ya kifuniko cha kuangalizia valvu, na bolti ya kumwagia ambayo uzi wake umeliwa kwa kukazwa kwa hasira kila wiki. Bolti ikishaliwa uzi usiifunge na sealitepu ya bomba la maji, peleka kwa mtu wa kuchonga aweke uzi mpya.

Weka na boksi safi chini usiku kucha. Tone linalodondoka injini ikiwa imezimwa linatoka sehemu iliyo chini ya usawa wa oili, yaani bolti, sili za chini, kava za pembeni. Kama boksi liko kavu asubuhi lakini ukiendesha poda inalowa, tafuta juu, au zile sili zinazovuja shafti ikizunguka.

Mpira wa kupumulia, huu ndio unasahaulika kuliko vyote

Hapa naomba usome taratibu maana ndipo hela za watu wengi zinapopotelea. Pistoni ikishuka inasukuma hewa iliyoko chini kwenye krenkesi (tumbo la injini), na hata ringi zikiwa nzima kuna gesi kidogo inapenya kutoka juu. Hiyo hewa lazima itoke, kwahiyo kuna mpira mmoja unatoka juu ya krenkesi au kwenye kava la hedi, unaenda kwenye boksi la ea klina au unaning'inia chini tu. Ukifuatilia huo mpira kwenye pikipiki za mtaani utakuta umejikunja nyuma ya betri, au umebanwa na tenki lililorudishwa vibaya, au umejaa tope, au nyigu kajenga humo kiota cha udongo, au kuna mtu aliona unatoa mvuke akaupiga kijiti akaufunga kabisa akidhani anazuia oili isitoke.

Ukiziba, presha haina pa kwenda, inasukuma oili itoke penye udhaifu. Leo sili ya gia, unabadili. Wiki ijayo sili ya krenki, unabadili. Baadaye gasketi ya kava. Fundi anasema spea za siku hizi feki, na ni kweli feki zipo, lakini hata sili orijino haiwezi kukaa kama injini inapumulia kwenye sili. Ukikuta pikipiki inayovuja sehemu tatu nne kwa wakati mmoja, usinunue sili hata moja mpaka umechomoa huo mpira ukaupuliza kwa mdomo na ukasikia hewa inapita.

Upande wa pili, mpira uko wazi lakini unatema oili. Ichomoe ncha yake kutoka kwenye boksi la ea klina, iingize kwenye chupa ndogo ya maji iliyo tupu na safi, chupa ifunge na waya kwenye fremu, toboa tundu dogo shingoni hewa itoke. Endesha siku mbili kazi ya kawaida. Kamvuke na vitone vya maji maji ya rangi ya maziwa ni sawa, hasa asubuhi za baridi kama uko Mbeya au Arusha. Ukikuta oili imejaa kwenye chupa umepata njia ya oili yako, na hii ndiyo ile isiyoacha tone chini wala moshi wa kutisha, maana kabla ya hapo ilikuwa inaingia kwenye ea klina, ea klina inalowa, na nyingine inavutwa na kabureta inaungua polepole.

Kwa nini inatema? Kwanza angalia kama umejaza kupita alama, watu wanaongeza tone moja kwa ajili ya usalama, alafu krenki inaichapa oili inakuwa povu na povu linatoka. Punguza iwe kwenye alama, rudia na chupa. Kama kiwango kiko sawa na bado inatema, iache injini ingurume, weka kidole kwenye ncha ya mpira. Pumzi nyepesi ya kuingia na kutoka ni kawaida. Ikiwa inakusukuma kidole kwa nguvu na inatoa moshi kama sigara, gesi inapita kwenye ringi, na hapo sasa yule fundi wa ringi anaanza kuwa na hoja.

Soma moshi, lakini usome kwa wakati wake

Moshi wa bluu ni oili. Mweusi ni petroli nyingi, angalia kabureta na ea klina. Mweupe wa asubuhi unaoisha baada ya dakika ni maji tu. Mpaka hapo wengi wanajua, ila kitu kinachosaidia zaidi ni kujua huo wa bluu unatoka saa ngapi.

Ukiwasha asubuhi ukatoka wingu moja la bluu alafu ukapotea, hizo ni valvu sili. Usiku oili ya juu kwenye hedi imeshuka taratibu kupitia shina la valvu ikakaa juu ya pistoni, ukipiga kiki inaungua yote kwa mkupuo. Ukiwa umepakia unapanda mlima mafuta umevuta yote na nyuma kuna mkia wa bluu usiokatika, hizo ni ringi au bloku. Na ukishuka mteremko mrefu, mfano unashuka Kitonga, mafuta umeachia gia iko ndani, alafu ukifika chini ukivuta likatoka wingu la bluu, hiyo ni valvu sili au kile kibomba cha valvu kimepanuka, kwa sababu ukiachia mafuta injini inavuta kwa nguvu na inanyonya oili kutoka juu. Huwezi kuuona mwenyewe ukiwa umekaa juu ya pikipiki, mwambie mwenzako aje nyuma yako na pikipiki nyingine akuangalie, ikiwezekana jioni jua likiwa mbele yenu.

Na kukosa moshi hakumaanishi haiungui. Injini inaweza kula oili kidogo kidogo mchana kutwa na usione kitu. Hapo fungua plagi. Nyeusi kavu inayopukutika kama masizi ni petroli. Nyeusi yenye kulowa, inang'aa, ukiigusa inateleza na inanuka oili, hiyo ni oili. Fungua na eksozi pale kwenye hedi, ni nati mbili tu, ingiza kidole kwenye tundu injini ikiwa baridi. Kukavu rangi ya kijivu au kahawia, vizuri. Kumelowa utope mweusi wa mafuta, inaungua ndani kwa uhakika.

Kompresheni na kisoda cha oili

Sasa unajua inaungua, swali ni ringi au valvu. Tafuta fundi mwenye geji ya kompresheni (inapima mgandamizo wa hewa juu ya pistoni), asiye nayo anapima kwa mguu kwenye kiki na hicho si kipimo. Injini ipate moto, toa plagi, ichomeke kwenye kofia yake uigusishe kwenye chuma, vuta mafuta mpaka mwisho uyashikilie hapo, piga kiki mpaka geji isipande tena. Andika namba. Alafu mimina kisoda kimoja cha oili kwenye tundu la plagi, piga kiki polepole mara chache isambae, pima tena. Namba ikipanda sana oili imeziba mwanya wa ringi na bloku, tatizo lipo huko chini. Namba ikikaa palepale na ni ndogo, valvu hazikai vizuri au gasketi ya hedi inapitisha.

Lakini sikiliza hili. Kompresheni ikiwa nzuri haimaanishi ringi zote ni nzima. Pistoni ina ringi mbili za juu zinazoshika kompresheni, na ya tatu ya chini kazi yake ni kukwangua oili kwenye ukuta wa bloku irudi chini. Hii ya tatu ikigandishwa na masizi ya oili mbovu, inalala kwenye kijifereji chake haifanyi kazi, pikipiki inavuta vizuri tu, ina nguvu, geji inasoma vizuri, na oili inaisha. Hiyo ndiyo kesi inayowachanganya mafundi kuliko zote. Kwahiyo kama hakuna uvujaji, mpira wa kupumulia hautemi, plagi imelowa na kompresheni ni nzuri, watuhumiwa ni wawili, ringi ya oili na valvu sili, na mchezo wa moshi hapo juu ndio utakaokuamulia. Valvu sili mbili ni bei ndogo kuliko pistoni na ringi, ila kwa injini nyingi hizi hedi lazima itoke, kwahiyo ukishaitoa badili tu hata kama zinaonekana nzuri. Kwenye injini ya zamani mpira wake umeshakuwa mgumu kama plastiki.

Kabla ya kufungua, nusa oili. Chomoa kijiti, nusa, kama kinanuka petroli basi pini ya kabureta haifungi na usiku petroli inashukia kwenye injini kama koki uliacha wazi. Hii inachanganya sana, asubuhi oili inaonekana imepanda, umetembea siku nzima petroli inavukizwa na joto, jioni imeshuka, unasema imekula oili. Mbaya zaidi oili iliyochanganyika inakuwa nyepesi kama maji na ndiyo inayomaliza ringi. Rekebisha pini na floti, funga koki kila unapolaza pikipiki, mwaga hiyo oili yote uweke mpya, na wakati unaimwaga sigara iwe mbali.

Ukishalazimika kufungua

Simamia mwenyewe, usiache ukaenda kunywa chai. Hedi ikitoka tu, kabla mtu hajafuta chochote, angalia juu ya pistoni. Kama katikati kuna masizi lakini pembezoni mduara mzima kumeoshwa chuma kinang'aa, oili inapanda kutokea chini, ni ringi. Kama pistoni imejaa masizi mazito kote, na valvu ya kuingizia nyuma yake kuna donge jeusi lililolowa limeshika shina, oili inatokea juu, ni valvu. Piga picha na simu, itakusaidia kubishana.

Ringi ukizitoa ziingize moja moja ndani ya bloku, isukume kwa pistoni ikae sawa, upime mwanya kati ya ncha zake mbili kwa fila geji, vile vibapa vyembamba vya kupimia nafasi. Kwa CG 125 ringi mpya inakaa kati ya milimita 0.15 na 0.35, ikifika nusu milimita imekwisha. Pitisha kidole ndani ya bloku, ukigusa ukingo pale juu ringi inapoishia, bloku imeliwa, na ringi mpya kwenye bloku iliyoliwa ni hela ya kutupa. Ichongwe kwenda saizi inayofuata, pistoni zinapanda robo milimita kwa robo milimita, 0.25, 0.50 mpaka 1.00. Wakati wa kurudisha, alama ya herufi kwenye ringi itazame juu na midomo ya ringi isipangane, iachanishe theluthi theluthi ya mduara. Silikoni ya tyubu paka nyembamba sana au usipake kabisa penye gasketi ya karatasi, ile inayofinywa ikaingia ndani inakatika vipande na kwenda kuziba chujio la oili.

Jiulize na kwa nini bloku iliisha. Mara nyingi ni ea klina, imechanika au mtu aliitoa ili pikipiki "ivute", na vumbi jekundu la barabara zetu linaingia moja kwa moja linasaga. Usipoweka ea klina nzima kazi yote hiyo utairudia. Na oili yenyewe, kwa injini ya zamani inayopozwa na upepo kwenye joto letu, 20W50 inafaa, ila iwe ya pikipiki yenye alama ya JASO MA. Oili za gari zenye vilainishi vya ziada zinaifanya klachi iteleze kwa sababu klachi inaogelea humohumo. Kuweka oili nzito zaidi au ile dawa ya kuzuia moshi kunaficha tu, ringi iliyoganda haifunguki kwa hivyo.

Baada ya kufunga, kilomita 500 za kwanza usibebe mishkaki wala usikae kwenye mwendo mmoja muda mrefu, vuta na kuachia, vuta na kuachia, ringi zikae kwenye bloku. Itakula oili kidogo kipindi hicho, usiogope. Mwaga oili ya kwanza mapema kwenye kilomita 300 hivi, rudia kukaza nati za hedi injini ikiwa ya baridi, kwa kukingamisha na kwa nguvu zinazolingana, alafu ioshe, ipake poda tena, na uanze upya ule uandishi wa kila asubuhi kwa wiki mbili.